Ekseli ya Kati ya Baiskeli ya Zamani: Pima Fremu Kabla ya Kununua Kikombe

Ekseli ya kati ikichoka, baiskeli husema yenyewe. Pedeli zinasaga, mikono ya krenki inacheza kushoto na kulia, cheni inaruka ingawa meno ya sproketi bado ni mazuri. Fundi akifungua anakuta gololi zimepasuka na njia zake kwenye ekseli zimechimbika, kisha mtu anatumwa dukani kuleta ekseli na vikombe viwili. Dukani kunauzwa kilichopo. Kikombe kipya kinaingia robo mzunguko, kinagoma. Spana inaongezewa kipande cha bomba ili ipate nguvu, na kikombe kinasalimu amri. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini kilichosalimu amri hapo mara nyingi si kikombe bali thredi za ndani ya fremu, na fremu ndiyo kitu pekee katika ukarabati huo ambacho hakina spea.

Kwa hiyo ninachokushauri kinasimama juu ya hoja moja: ekseli inayofaa hutambuliwa kwa vipimo vya lile bomba fupi la chini ya fremu, panapokutana mabomba mengine na ekseli inapopita. Haitambuliwi kwa jina lililobandikwa mbele ya baiskeli, wala nchi ilikotoka, wala kwa kuangalia tu. Bomba hilo hapa nitaliita bomba la kati. Vipimo vinavyohitajika ni vinne: upana wa bomba, upande ambao vikombe hufungukia, ukubwa wa tundu, na idadi ya thredi kwa inchi. Kimoja peke yake kinaweza kukudanganya. Vyote vinne vikikubaliana, huna sababu ya kubahatisha, na hata ukiagiza kipuri kutoka mbali, hela yako haipotei.

Kwanza hakikisha kwamba bomba lina thredi. Baiskeli nyingi za watoto, BMX za zamani na baiskeli za Kimarekani za mtindo wa Schwinn zina krenki ya kipande kimoja cha chuma kilichopindwa, kinachotoka pedeli ya kushoto hadi ya kulia bila kiungo. Bomba lake ni pana, kama milimita 51 ndani, halina thredi, na vikombe vyake hugongwa kwa nyundo. Baiskeli nyingi za kazi za Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji nazo zina bomba lisilo na thredi, lenye tundu la takriban milimita 40, na vikombe vilivyogongwa ndani. Marekebisho ya kukaza na kulegeza yapo kwenye koni iliyofungwa juu ya ekseli. Mfumo huo huitwa Thompson. Ukikuta mojawapo ya hizi, habari za thredi za fremu zisikuhangaishe: toa kikombe cha zamani, pima kipenyo chake cha nje na cha tundu la fremu, tafuta kinacholingana. Shida yenyewe iko kwenye mabomba yenye thredi, kwa sababu humo kuna viwango vitano vinavyofanana sana kwa macho na visivyoingiliana kwa mkono.

Anza na upana, maana huo hupimwa kabla hujafungua hata nati moja. Futa tope na grisi kwenye kingo mbili za bomba, weka vernia au rula nzuri kutoka ukingo mmoja wa chuma hadi mwingine, bila kuhesabu kikombe wala ringi ya kufungia. Ukipata milimita 68, una baiskeli ya kiwango cha Kiingereza, cha Kifaransa au cha Uswisi. Ukipata 70, mshukiwa wa kwanza ni kiwango cha Kiitaliano. Milimita 73 ni upana wa baiskeli nyingi za milimani, na thredi zake kwa kawaida ni za Kiingereza. Milimita 71 au 76 zinakupeleka Nottingham, kwenye kiwanda cha Raleigh, ambako nitakaa kidogo baadaye. Soma vizuri: milimita moja kati ya 70 na 71 inatenganisha Italia na Uingereza, na rangi iliyopakwa mara tatu kwenye ukingo inaweza kuimeza milimita hiyo. Kwangua rangi kidogo mpaka uone chuma, upime hapo.

Upana hukusaidia pia kujua ufungue vipi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu baiskeli kwa nguvu zao wenyewe. Kila fundi anajua kwamba pedeli ya kushoto hufunguka kinyume. Kwenye ekseli ya kati mambo yamegeuka: kikombe cha kushoto ndicho cha kawaida, na kikombe cha kulia, upande wa cheni, ndicho chenye thredi za kinyume katika viwango vya Kiingereza, Uswisi na Raleigh. Sababu yake ni ya kimakanika. Gololi zikibanwa kati ya ekseli inayozunguka na kikombe kilichotulia, huviringika, na kuviringika kwake hukisukuma kikombe kidogo kidogo kuelekea upande ulio kinyume cha mzunguko wa ekseli. Ukitazama kutoka kulia, ekseli inazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo kikombe kinasukumwa kinyume cha saa. Thredi za kawaida zingefunguka zenyewe njiani; thredi za kinyume zinakazwa. Wafaransa na Waitaliano walichagua thredi za kawaida pande zote mbili, na ndiyo maana kikombe cha kulia cha baiskeli zao kina tabia ya kulegea kisipokazwa kwa nguvu za kutosha. Ukiletewa baiskeli ambayo kikombe cha kulia hulegea kila baada ya muda mfupi ingawa thredi ni nzima, usiseme haraka kwamba kimelika. Huenda unatazama fremu ya Kifaransa au ya Kiitaliano.

Kwa hiyo anza kushoto siku zote. Toa ringi ya kufungia, toa kikombe cha kushoto kwa kuzungusha kinyume cha saa, chomoa ekseli na gololi, kisha safisha ndani kwa mafuta ya taa na brashi. Sasa una kikombe kimoja mkononi cha kupima na tundu wazi la kutazama, na bado hujagusa kikombe cha kulia kilichokaa miaka mingi na kutu. Kipime hicho cha kushoto kwanza. Mara nyingi kitakueleza habari zote unazohitaji, na kama kikombe cha kulia ni laini ndani na hakijachimbika, huna hata sababu ya kukitoa. Ikiwa lazima kukitoa, upana na thredi za kikombe cha kushoto zitakuwa zimekwisha kukuambia uelekeo wa kujaribu kwanza: bomba la 68 lenye thredi 24 kwa inchi, zungusha kama mshale wa saa ili kifunguke, bomba la 70, zungusha kinyume cha saa. Kikigoma kabisa, tia mafuta yapenyayo, usubiri hadi kesho, ndipo ujaribu tena uelekeo uleule kabla ya kugeuza.

Kipimo cha tatu ni kipenyo. Kiwango cha Kiingereza ni inchi 1.370, yaani karibu milimita 34.8. Kifaransa na Uswisi ni milimita 35 kamili. Raleigh ni inchi 1 na 3/8, yaani milimita 34.9. Kiitaliano ni milimita 36. Ziangalie namba hizo kwa makini, maana ndani yake mna mtego wote. Kiitaliano kinajitenga: ukichukua kikombe cha Kiingereza na kukiingiza kwenye bomba la Kiitaliano, kinapita bila kushika, kwa sababu kipenyo chake cha nje kinakaribia kulingana na tundu la ndani la bomba hilo lililopimwa juu ya vichwa vya thredi. Kikombe kinachoteleza hivyo kinakuambia mojawapo ya mambo mawili, kwamba bomba ni la Kiitaliano au thredi zimekwisha, na ukimulika tochi utajua ni lipi. Lakini viwango vingine vyote vimejikusanya ndani ya mbili ya kumi ya milimita. Vernia ya bei rahisi, kikombe chenye kutu, mkono uliotetemeka kidogo, kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kukugeuzia Uingereza kuwa Ufaransa. Ndiyo maana sikubaliani na anayepima kipenyo peke yake na kwenda dukani.

Anayeamua ni thredi. Kiingereza na Kiitaliano vina thredi 24 kwa inchi, ambapo kila thredi iko mbali na mwenzake kwa milimita 1.058. Kifaransa na Uswisi ni milimita 1 kamili. Raleigh ni thredi 26 kwa inchi, yaani milimita 0.977. Kama una geji ya thredi, kazi ni ya nusu dakika. Kama huna, chukua boliti ya milimita 6, ile ya kawaida inayofungwa kwa spana namba 10 na iliyojaa kwenye baiskeli na pikipiki. Thredi zake za kawaida ziko milimita 1 kamili. Ilaze juu ya kikombe safi, thredi kwa thredi, inua vyote viwili mbele ya mwanga na utazame mahali zinapokutana. Kama kikombe ni cha thredi 24 kwa inchi, za mwanzo zitakaa vizuri, lakini ukifika ya nane boliti itakuwa imepanda juu ya vichwa badala ya kuingia mabondeni, maana tofauti imekua hadi karibu nusu ya thredi na mwanga unapita chini yake. Kama zimelala sawasawa mwanzo hadi mwisho, una thredi za milimita 1, au za karibu sana na hapo.

Nasema karibu sana kwa sababu boliti hiyo haitenganishi vizuri kati ya milimita 1 na 0.977 ya Raleigh. Tofauti yake baada ya thredi nane ni chini ya mbili ya kumi ya milimita, na jicho linaweza kuipita. Hapo rudi kwenye upana: 68 ni Ufaransa au Uswisi, 71 au 76 ni Raleigh. Ukitaka uhakika zaidi, tumia rula yenye inchi na uhesabu thredi ndani ya nusu inchi ya kikombe: 12 ni Kiingereza au Kiitaliano, 13 ni Raleigh. Kati ya Ufaransa na Uswisi hakuna tofauti ya kipenyo wala ya thredi. Tofauti ni kikombe cha kulia tu, ambacho cha Uswisi kina thredi za kinyume na cha Ufaransa za kawaida. Unaona basi jinsi vipimo vinavyoshikana. Thredi hutenga makundi, kipenyo hutenga Italia na Uingereza, uelekeo hutenga Ufaransa na Uswisi, upana hutenga Raleigh na wengine. Ukiondoa kimoja, unabaki na washukiwa wawili na hela ya kununulia kikombe kimoja.

Sasa nikae kwenye Raleigh, maana ndiyo inayowahusu wasomaji wengi wa Afrika Mashariki. Baiskeli nyeusi za breki za vyuma zilizobeba watu, mkaa na maziwa kuanzia pwani hadi maziwa makuu zilikuwa kwa sehemu kubwa za Kiingereza au za nakala ya Kiingereza, na nyingi bado zinatembea. Kiwanda cha Nottingham kiliendelea kutumia thredi zake za 26 kwa miongo mingi wakati viwanda vingine vya Uingereza vilikuwa vimehamia 24. Na Raleigh ilinunua majina mengine: Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, Triumph ya baiskeli mwaka 1954, baiskeli za BSA mwaka 1957, na mwaka 1960 ikaungana na kundi lililokuwa na Phillips na Hercules. Baada ya hapo fremu iliyotoka Nottingham ingeweza kuvaa beji yoyote kati ya hizo ikiwa na thredi za Raleigh ndani. Kinyume chake pia ni kweli. Raleigh za mashindano zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha Carlton kule Worksop zilikuwa na thredi 24 za kawaida, ilhali beji ni ileile ya Raleigh. Baiskeli mbili zenye jina moja na bendera moja, na kikombe cha moja hakiingii kwenye nyingine. Raleigh Twenty, ile ndogo ya magurudumu ya inchi 20, ina bomba la milimita 76 na thredi 26, na mtu anayeinunulia ekseli iliyofungashwa kwa ajili ya bomba la 68 amejiandalia hasara mara mbili.

Hapo ndipo ninapowajibu wanaosema kwamba fundi mzoefu anaijua baiskeli kwa kuitazama. Uzoefu wake ni wa thamani na siudharau. Akikuambia hii ni Raleigh ya Nottingham, amekupa dhana nzuri ya kuanzia. Ila dhana hupimwa. Mbali na habari ya Nottingham na Worksop, yapo mambo ya Ufaransa: Motobécane, kampuni ya Kifaransa kabisa, ilitumia thredi za Uswisi kwenye baiskeli nyingi za mwisho wa miaka ya 1970, na Peugeot baada ya miaka mingi ya thredi za Kifaransa ilihamia za Kiingereza. Mitumba inayoshuka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam inachanganya Ulaya na Japani ndani ya kontena moja, na fremu huwa imepita mikononi mwa mafundi ambao huenda walikwisha kukata thredi upya. Na baiskeli za Kihindi na Kichina zinazofanana na Raleigh kwa umbo, zile za Hero, Avon na Phoenix, zisihukumiwe kwa kufanana huko. Umbo la fremu lilinakiliwa. Thredi zipime mwenyewe.

Wengine husema, na hawa wana hoja nzito zaidi, kwamba baiskeli nyingi duniani zina thredi za Kiingereza, kwa hiyo mtu akinunua kikombe cha Kiingereza atapatia mara nyingi kuliko kukosea. Ni kweli. Baiskeli nyingi za Kijapani na nyingi za milimani ni za kiwango hicho, na kama umepima 68 au 73, thredi 24, na kikombe cha kulia cha kinyume, una bahati: kipuri chako kipo kila mahali na bei yake ni nafuu. Lakini hoja ya wingi inahesabu mara ngapi utapatia bila kuhesabu gharama ya kukosea. Kikombe cha 34.8 chenye thredi 24 kinaanza kuingia kwenye bomba la 35 lenye thredi za milimita 1, kwa sababu mzunguko wa kwanza hauoni tofauti. Kuanzia wa pili au wa tatu thredi zinapandana. Kikombe ni chuma kigumu kilichochomwa ili kivumilie gololi. Bomba la fremu ni laini kuliko hicho. Anayeumia anajulikana kabla hujakaza. Kosa moja la namna hiyo linagharimu fremu, na kipimo cha kulizuia kinagharimu boliti moja na dakika chache.

Tuje kwenye ekseli yenyewe, kwani vikombe vikishajulikana bado kazi ni nusu. Swali la kwanza ni namna krenki inavyoshika. Krenki za zamani za chuma hushikwa kwa kota pini, kipande cha chuma cha mviringo chenye upande mmoja uliochongwa mteremko, kinachopita kwenye krenki na kugusa kijia kwenye ekseli. Kota pini za Kiingereza ni milimita 9.5, nyingi za bara la Ulaya ni 9, na zipo chache za 8.5. Pini ya 9 kwenye krenki ya 9.5 inaingia bila taabu na itachezacheza hadi iharibu ile ekseli mpya uliyoitafuta kwa shida; ya 9.5 kwenye tundu la 9 haiingii, na hapo wengine hupanua tundu kwa drili, jambo la kusikitisha kwa sababu pini ya 9 inatengenezwa. Pima shina la pini pale lisipochongwa. Krenki za aluminiamu hushika kwenye ncha ya pembe nne iliyochongwa mteremko, na mteremko huo upo wa namna mbili. Wa Kijapani, unaotumiwa na Shimano, Sugino na wengi wa Asia, una ncha nene kidogo kuliko ule wa kimataifa unaotumiwa na Campagnolo na viwanda vingi vya zamani vya Ulaya. Krenki ya Campagnolo ukiivika kwenye ekseli ya Kijapani inagota mapema, karibu milimita 4.5 nje ya mahali pake. Ya Kijapani kwenye ekseli ya Ulaya inazama kupita kiasi, na pengine inagusa mwisho wa ekseli kabla haijakaza.

Kisha urefu, ambao una vipimo viwili na watu hupima kimoja. Wanapima kutoka ncha hadi ncha na kusahau umbali kati ya njia mbili za gololi zilizomo kwenye ekseli. Umbali huo ndio unaolingana na upana wa bomba na unene wa vikombe. Ekseli ya bomba la 68 kwenye bomba la 71 itafanya kikombe cha kushoto kizame ndani mno kabla gololi hazijakutana na njia yake, mpaka ringi ya kufungia ikose thredi za kushika. Ya bomba refu kwenye bomba fupi itakiacha kikombe nje kikining'inia kwa thredi tatu. Ekseli nyingi za Kijapani zina alama katikati yake: namba 3 mwanzoni ni ya bomba la 68, namba 5 ni ya 70. Futa grisi uisome. Angalia pia kwamba ekseli nyingi za zamani si sawa pande mbili, upande mrefu huwa wa sproketi, na ukiigeuza utashangaa kwa nini sproketi inakwaruza fremu. Urefu wa ncha kwa ncha ndio unaoamua mstari wa cheni. Pima kutoka katikati ya bomba la kiti hadi kwenye meno ya sproketi ya mbele, kisha pima kutoka katikati ya nafasi ya gurudumu la nyuma hadi kwenye meno ya nyuma. Kwa baiskeli ya gia moja namba hizo zinapaswa kulingana, na kwa kawaida huwa milimita 40 hadi 42. Fanya kipimo hicho kabla ya kuvua krenki za zamani, ikiwa bado zimesimama wima, maana hapo ndipo unapojua ekseli mpya iwe na urefu gani.

Kwa mwenye Raleigh ya thredi 26 ninalo pendekezo mahususi: usitupe vikombe. Vipya vya 26 ni adimu, na ekseli za kisasa zilizofungwa pamoja na beringi zake kwa kawaida huuzwa kwa thredi za Kiingereza na za Kiitaliano, mara chache sana za 26. Lakini vikombe vya Nottingham ni vya chuma kizuri na kinachochoka kwanza mara nyingi ni gololi na ekseli. Safisha kikombe hadi king'ae, kisha pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi. Ikiteleza bila kukwama, kikombe ni kizima hata kama kina mstari wa kung'aa pale gololi zilipopita. Ikiruka kwenye shimo, kimekufa. Kikiwa kizima, unachohitaji ni gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande zikiwa huru bila kizuizi, grisi mpya, na ekseli yenye umbali sahihi kati ya njia zake. Zibadilishe gololi zote hata kama nusu yake zinaonekana nzuri, kwa sababu zilizolika ni ndogo na mpya zitabeba mzigo peke yake.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yanaweza kurukwa kwa kununua ile ekseli ya kisasa isiyotumia thredi, ambayo vipande vyake viwili huingia kutoka pande mbili na kuvutana katikati hadi vikabana bomba. Ni dawa halali kwa fremu ambayo thredi zake zimekwisha kuliwa, na ningeitumia hapo. Ila hata hiyo huuzwa kwa upana na kipenyo cha ndani cha bomba, kwa hiyo hujakwepa vernia. Vilevile kukata thredi upya. Bomba la Kiingereza au la Kifaransa lililoharibika linaweza kupanuliwa na kukatwa thredi za Kiitaliano za milimita 36, kwa kuwa hapo unakata chuma kipya nje ya kilichoharibika, mradi ukuta wa bomba ni mnene wa kutosha. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye tepu halisi za ekseli ya kati, zinazoongozwa pande zote mbili kwa mhimili mmoja. Akikata upande mmoja mshazari, ekseli haitanyooka kamwe. Kukata thredi 24 juu ya 26 za Raleigh ni jambo jingine. Kipenyo ni kilekile takriban, kwa hiyo tepu inapita juu ya thredi zilizopo, na ndani ya kila nusu inchi zinapishana kwa thredi nzima. Kinachobaki ni vichwa vilivyokatwa vipande. Wapo wanaofanya na baiskeli ikatembea. Mimi ningeliacha liwe la mwisho kabisa, baada ya kutafuta vikombe vya zamani kwenye fremu zilizovunjika zilizorundikwa nyuma ya karakana, ambako ndiko spea za 26 ziliko.

Ukienda dukani, beba kikombe cha kushoto, ekseli ya zamani na karatasi yenye upana wa bomba, thredi, kipenyo, uelekeo wa kikombe cha kulia na mstari wa cheni. Linganisha kikombe kwa kikombe kabla ya kulipa: vilaze thredi zake zikiingiana na uvitazame kwenye mwanga, kama ulivyofanya na boliti. Nyumbani, paka grisi, na uingize kikombe kipya kwa vidole vitupu, spana ikiwa mbali. Kwenye fremu safi yenye thredi sahihi kitazunguka kwa vidole angalau mizunguko mitatu au minne bila kubishana. Kikigoma kabla ya hapo, kitoe, safisha thredi za fremu kwa brashi ya waya, jaribu tena ukihakikisha kimenyooka. Kikigoma mara ya pili mahali palepale, kirudishe dukani.